Kila Mfuko na Mnyama Wake

Nilipoolewa na kuletwa Jinja sikujua kwamba Kiswahili changu kingewatisha watu. Kwetu, upande wa Kenya karibu na mpaka wa Busia, kilikuwa lugha ya sokoni na ya kanisani. Mpumudde, mtaa wa Jinja tulikopanga nyumba ya vyumba viwili, kilikuwa lugha ya askari. Nikiingia dukani na kusema habari za asubuhi, wanawake waliokuwa wakiongea walinyamaza, wakajifanya wanachagua chumvi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la pamba na alishazoea. Mimi sikuzoea. Kuna siku nilirudi nyumbani na kikapu kitupu kwa sababu tu sikutaka kufungua mdomo.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilikuja na cherehani ya miguu niliyopewa na baba, na mwanzoni niliiweka kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mjini, nikishona sare za shule. Kisha Wahindi wakaamriwa kuondoka nchini. Duka likapewa bwana mmoja wa wale walioitwa mafuta mingi, watu walionona ghafla kwa mali ya wengine. Aliuza kila kitambaa kilichokuwa rafuni, na rafu zilipobaki tupu akafunga mlango. Nikairudisha cherehani nyumbani kwa mkokoteni na kuifunika kwa shuka.

Haikupita muda mrefu, vitu vyenyewe vikaanza kupotea: sukari, sabuni, chumvi. Tukajifunza kupanga foleni. Duka la ushirika lilipopata sukari, habari zilienea mtaani tangu alfajiri, na kwa kuwa hakuna aliyejua litafunguliwa saa ngapi, wanawake waliweka mifuko yao chini kwenye mstari, ikashika nafasi, wao wakarudi nyumbani kupika uji. Mifuko yenyewe ilikuwa vipande vya gunia vilivyoshonwa pembeni, yote rangi moja. Asubuhi moja wanawake wawili waligombea mfuko mmoja uliokuwa karibu na mlango. Kila mmoja aliushika upande wake, wakavutana, na askari wa mlangoni akaja na kiboko. Aliupiga teke mstari mzima wa mifuko mpaka ikatawanyika barabarani. Siku hiyo hakuna aliyepata sukari.

Nilirudi nyumbani, nikaifunua cherehani. Nilikuwa na vipande vya kitambaa kutoka kiwanda cha nguo cha mjini, vile vinavyokatwa pembeni au kutoka na rangi mbaya, ambavyo mume wangu alikuwa akiletewa na rafiki yake. Nikashona mfuko wa kuning'inia begani, na ubavuni nikashonea kuku mwekundu ili nami nisije nikagombana na mtu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimalizia mdomo wa yule kuku, jirani yangu akachungulia juu ya ua wa matete.

"Huyo ni kuku au ni birika?" akauliza.

Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu. Alikuwa mama wa Kinubi, mjane, mtu mzima kuliko mimi, na binti zake walikuwa wameolewa mbali. Babu yake alikuja nchini akiwa askari wa wakoloni, na kaka yake alikuwa afisa katika jeshi la wakati ule. Kwa ajili ya huyo kaka, mtaa mzima ulimsalimu kwa adabu na kumkwepa. Nami nilimkwepa pia.

"Ni kuku, mama," nilisema.

"Basi anahitaji miguu. Lete hapa."

Niliupitisha mfuko juu ya ua. Aliugeuza ndani nje, akauvuta kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. "Kitambaa hiki ni chembamba. Ukitia mahindi, utayaokota njiani. Kinataka kitu ndani." Akaingia kwake, akarudi na tandiko la mtoto mchanga alilokuwa ameshonea wajukuu. Lilikuwa na tabaka mbili za kitambaa, pamba imetandazwa katikati, na mishono myembamba ilipita juu yake kwa mistari ya mshazari, ikakutana na mingine na kufanya vigae vidogo vilivyotuna. Nilibonyeza kimoja, kikarudi. Mimi niliyejiita fundi sikuwa nimewahi kushona kitu kama hicho.

Tulianza siku ileile. Mimi nilikata na kupitisha mishono mirefu kwa cherehani, yeye akashona wanyama kwa mkono. Kuku wangu akapata miguu, na kifua, na jicho la uzi mweusi lililokutazama kwa ukali.

Pamba aliyokuwa nayo jirani yangu iliisha haraka. Mume wangu akatupeleka Budondo kwa mzee mmoja mkulima, ambaye alikuwa amechoka kupeleka pamba yake kwa ushirika na kungoja malipo yasiyokuja, kwa hiyo ilikuwa imejaa chumba kizima cha nyumba yake, hata kuku walitaga humo. Alituambia tuchukue gunia moja. Alichotaka badala yake ni mfuko wa mkewe wa kwendea sokoni, wenye picha ya fahali.

"Tutakushonea, mzee," mume wangu alisema kwa Kisoga.

"Si fahali yeyote," mzee alisema. "Huyu wangu."

Akatuongoza nyuma ya nyumba. Fahali alikuwa amefungwa kwenye mti wa mfenesi, mweusi, doa jeupe begani, pembe ya kushoto imepinda kuelekea chini kama anajikuna shavu. Mzee alituzungusha pande zote. Alitueleza jinsi pembe ile ilivyopinda, jinsi yeye mzee alivyolala naye jikoni alipokuwa ndama mgonjwa, jinsi anavyojua sauti ya mkewe. Mume wangu alichoka kutafsiri, lakini mzee hakuchoka kusema. Jirani yangu alichuchumaa kwenye nyasi na kumkodolea macho yule mnyama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Nimemshika kichwani."

Mfuko ule ulipofika Budondo, mke wa mzee, tuliambiwa, alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo tukawa tunafanya hivyo kwa kila mtu. Wanawake wa foleni waliona kuku wangu, wakaanza kuja mmoja mmoja. Mwanzoni walikuja kwangu, si kwa jirani. Walisimama kwenye uchochoro wakiniita kwa heshima na kwa sauti ya chini, "Nyabo, na mimi nataka." Nikawaambia anayeshona wanyama yuko upande wa pili, waje tukae wote kwake. Wengine waliondoka. Walioingia walikaa kwenye ncha ya mkeka, tayari kukimbia.

Jirani yangu hakuwauliza majina wala habari za waume zao. Aliuliza swali moja tu: "Kwenu mna mnyama gani?"

Ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafurahi. Zilikuwa siku ambazo watu walisema nusu ya neno na kutazama nyuma. Lakini mtu akianza kueleza mbuzi wa mama yake, alisahau. Sauti ilipanda. Mikono ilionyesha masikio, ndevu, mahali kengele ilipofungwa. Mmoja alikuwa na bata dume aliyemfukuza padri. Mwingine alilia kidogo kwa ajili ya ng'ombe aliyeuzwa kulipa karo yake, akasema ashonewe huyohuyo, tena mnene kuliko alivyokuwa. Mkeka ulijaa kicheko, na mimi nilijifunzia pale Kisoga changu cha kwanza: enkoko ni kuku, embuzi ni mbuzi, ente ni ng'ombe. Walinisahihisha, nami niliwasahihisha Kiswahili chao. Hakuna aliyenyamaza tena nilipoingia dukani.

Na foleni ya sukari ilibadilika. Ungepita asubuhi ungekuta ng'ombe, kondoo, jogoo, bata, wamejipanga ukutani, kila mmoja akimngoja mwenyewe. Hata yule askari wa kiboko niliwahi kumwona ameinama, mikono mgongoni, akimwangalia kondoo mmoja kwa makini.

Mume wangu ndiye aliyesema tujaribu Mbale. Alikuwa akipeleka mzigo huko, na soko la kule lilikuwa kubwa, watu wakishuka kutoka mlimani na ndizi na kahawa yao. Tulishona msimu mzima wa mvua, tukajaza magunia mawili. Tukapanda naye mbele kwenye lori, jirani yangu dirishani, amevaa shuka lake jeupe la safari na mfuko wake mwenyewe wa punda begani. Mimi nilikuwa na kuku wangu.

Tulipita vizuizi viwili salama. Kwenye cha tatu, kabla ya Tororo, askari kijana alipanda nyuma ya lori, akafungua magunia yetu.

"Hii nini?"

"Mifuko, afande," nilisema.

"Ya magendo?"

"Hapana, afande. Tumeshona sisi wenyewe. Tunapeleka soko la Mbale."

Alitoa mmoja, akauvaa begani, akawageukia wenzake. Walicheka. Kisha akasema, "Teremsha yote."

Nilimbana jirani yangu kiwiko. Nilijua, na yeye alijua, kwamba akisema neno moja kwa Kinubi na kumtaja kaka yake, magunia yale yangerudi kwenye lori na askari wangetuaga kwa heshima. "Mama, mtaje," nilimnong'oneza. "Mtaje ndugu yako."

Aliteremka. Alimwendea yule kijana, akamwambia kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya mikono yetu."

"Asante, mama," kijana alisema, kama mtu aliyepewa zawadi, akabeba magunia kuelekea kibandani.

Tuliondoka. Nilikuwa na hasira, na mume wangu alitazama barabara tu. Mwishowe nikamwuliza jirani yangu kwa nini hakumtaja kaka yake.

"Wewe uliona wanawake wanavyokaa kwangu sasa," alisema. "Zamani walikaa ncha ya mkeka. Nikimtaja leo hapa, nitamtaja kesho kwa sukari, keshokutwa kwa sabuni. Watarudi kwenye ncha." Akajifunika kichwa vizuri kwa shuka. "Mifuko tutashona."

Sikukubaliana naye siku hiyo. Niliona ni rahisi kusema hivyo kuliko kushona upya msimu mzima. Lakini lori lilikuwa linakwenda Mbale, kwa hiyo tulifika Mbale, hatuna cha kuuza isipokuwa ile miwili tuliyovaa.

Tulisimama mbele ya soko kama watu waliopotea. Mlima ulikuwa umefunikwa wingu nusu. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeupe la wakunga alitupita, akarudi, akaushika mfuko wa jirani yangu bila hata kusalimu.

"Punda huyu amebeba nini?"

"Kahawa," jirani yangu alijibu.

"Amechoka," mkunga alisema. "Mmemshona akiwa amechoka. Nani kashona hivi?"

Tukamweleza, pamoja na habari za magunia na za kizuizi. Hakusema pole. Alisema, "Njooni kwangu." Nyumba yake ilikuwa na baraza pana, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amewaita wanawake aliowazalisha, na kwa jinsi walivyokuja nadhani alikuwa amezalisha nusu ya mji. Kila mmoja alileta nguo kuukuu: magauni ya gomesi yaliyopauka, mapazia, shati la mume aliyefariki. Pamba ilikuwepo tele kwa wakulima wa huko. Cherehani tuliazima kwa mke wa mwalimu. Mume wangu alirudi Jinja na lori, sisi tukabaki.

Mkunga mwenyewe alitaka nguruwe. Alikuwa na nguruwe jike nyuma ya nyumba, mkubwa, mwenye watoto wengi, naye alimpenda waziwazi. Alipomtaja, mimi nilimtazama jirani yangu, ambaye aliswali mara tano kwa siku kwenye kona ya baraza ile.

Alifikiri. "Pindo na mkanda nitashona mimi," alisema. "Uso wa bibi huyo utaushona wewe. Na usitumie mkasi wangu."

Nikajitahidi. Yeye alikaa karibu, amenipa mgongo, akishona kondoo wa mtu. Lakini kila baada ya muda shingo yake iligeuka kidogo.

"Masikio yanaangukia mbele," alisema, akitazama ukuta. "Umeyalaza nyuma kama ya sungura."

"Umemwona saa ngapi, mama?"

"Nina macho. Na mkia hauko mahali pake."

Mkunga alicheka mpaka akatokwa na machozi. Nguruwe yule alitoka vizuri kuliko mnyama yeyote niliyewahi kushona, na kila mkunga alipoubeba mfuko huo kwenda hospitalini, alirudi na habari za mtu mwingine anayeuliza.

Tulikaa Mbale mpaka magauni kuukuu yakaisha. Wanawake wa baraza ile walijifunza mshono wa mshazari na kuufanya wa kwao. Wakazi wa mlimani waliongeza migomba nyuma ya ng'ombe, jambo ambalo jirani yangu alilipinga, kisha akaliiga. Tuliporudi Jinja, hasira yangu ilikuwa imekwisha, sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka tu kwamba kwenye kizuizi kilekile nilimshika mkono, naye akaushika wangu, na hakuna aliyetusimamisha.

Miaka ile ikaenda hivyo, tukishona wakati kuna uzi na kukaa tu wakati hakuna. Kisha vita vikaja kutoka kusini. Tuliwasikia askari wakikimbia kupitia mjini na magari waliyonyang'anya, na kaka wa jirani yangu alikuwa miongoni mwao au alikuwa amekwisha kufa, dada yake hakupata kujua. Serikali ilipoanguka, watu walishangilia barabarani, nami nilishangilia. Halafu wengine wakaanza kutafuta nyumba za Wanubi, waliohesabiwa wote kuwa watu wa jeshi lile.

Nilisikia kelele kabla ya adhuhuri, zikitokea upande wa barabara kuu. Mume wangu alikuwa safarini. Nilimkuta jirani yangu amekaa kitandani, mikono mapajani, mlango wazi. Sikujua la kufanya, basi nikafanya lile ninalolijua. Nilimwita mwanamke wa nyumba ya tatu, yule wa bata aliyemfukuza padri, tukaibeba cherehani yangu na kuiweka kwenye mlango wa jirani, nikakaa, nikaanza kushona. Yule mwenzangu akatandika mkeka, akakimbia kuita wengine. Walikuja na vitambaa vyao, wakakaa. Hawakukaa kwenye ncha.

Vijana walifika na fimbo, na mmoja alikuwa na panga. Walikuta wanawake wamekijaza kibaraza.

"Tokeni," mmoja alisema. "Tunataka nyumba ya askari."

"Askari gani?" nilimwuliza kwa Kisoga. "Hapa ni pa kushonea. Huoni cherehani?"

"Wewe pia ni Mswahili tu."

Nilikuwa naogopa kiasi cha kutoona uzi. Mwanamke wa bata ndiye aliyeinuka. Alikuwa amemtambua kijana mwenye panga.

"Mama yako anajua uko hapa?" alisema. "Juzi tu alikuwa amekaa ninapokaa. Mfuko anaobebea mihogo kashonewa humu ndani. Unataka kuchoma nini, sindano?"

Kijana alishusha panga. Wenzake walisukumana, wakatukana kidogo, wakatupia jiwe paa. Kisha sauti zikasikika mbele zaidi mtaani, kwenye duka la mtu, wakazifuata. Tulikaa palepale mpaka jua likashuka, tukishona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshona mshono ulionyooka.

Mume wangu aliporudi alituambia barabara ya kwenda mpakani imefunguka. Tulimchukua jirani yangu siku hiyohiyo, amejifunga gomesi aliyoazimwa na mwanamke wa bata ili asitambulike, na nikampeleka kwetu, kwa mama yangu, ng'ambo ya Busia.

Nilikuwa na wasiwasi. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, mkali, na Kiswahili chake hakikuzidi salamu na nyimbo za kanisani. Jirani yangu hakujua hata neno moja la Kisamia, lugha yetu ya nyumbani. Jioni ile walikaa pande mbili za jiko wakitabasamu kwa adabu, nami katikati nikitafsiri mpaka ulimi ukauma. Mama aliuliza mgeni huyu anaweza kazi gani. Nikamwambia. Alisema hayo ya kushona yatasubiri, sasa ni wakati wa kuvuna maharage.

Asubuhi niliamka nikakuta nyumba tupu. Nilitoka nje na kikombe cha chai. Walikuwa shambani, umande ukiwa bado, jirani yangu amevaa viatu vya mvua vya marehemu baba, vikubwa, akivivuta kila hatua. Mama yangu alikuwa akimwonyesha jambo fulani kuhusu kung'oa, kwa Kisamia, kwa maneno mengi, na yeye alikuwa akimjibu kwa Kiswahili, kwa maneno mengi vilevile. Hakuna aliyenihitaji. Nikamaliza chai, nikafunga mzigo wangu, nikashika njia ya kurudi Jinja.